Vidonge vya Wegesa

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kiabakari sote tu wazima, na babu yako bado anavuna mtama. Umeuliza kama uji wa soya unatosha, uache vidonge vya selimundu. Uji kunywa, mama, lakini vidonge usiache.

Mdogo wangu Wegesa alikuwaga na ugonjwa huohuo wa damu. Mama alinipa mimi kazi ya kumpa vidonge. Nilipoona uji wa soya umemnenepesha, nikamwambia, "Achana navyo, umeshapona." Haukupita muda akaishiwa damu, tukampeleka hospitali Musoma.

Daktari akauliza kuhusu dawa. Mama akasema anapewa, akanigeukia, "Si ulikuwa unampa?"

"Kila siku," nikajibu.

Wegesa alinitazama pale kitandani, akageukia ukutani. Daktari hakuamini, akamgombeza mama mbele ya watu kwamba ni mzembe na mwongo, nami nikaangalia chini.

Mama alifariki bila kujua. Wegesa yuko Bunda, mjukuu wangu, na nikienda ananipokea kwa furaha, ananipikia. Kila mara narudi nyumbani sijamwomba msamaha.

Bibi yako,
Nyamisi