Mtu Si Mzigo

Mama yangu mpenzi,

Huko uliko natumaini hakuna fomu za kujaza. Hapa Edmonton bado zipo, na ni moja kati ya hizo inayonifanya nikuandikie, ingawa najua barua hii haina wa kuipokea.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ulikuwa mwaka wa tatu kwenye ile nyumba ya wazee, ukiwainua vitandani na kuwaogesha. Watafiti walikuja kuchunguza jinsi kazi zinavyoumiza migongo. Kwenye bohari ya jirani walikwenda wenyewe, wakawapima wanaume, wakawatazama wakibeba. Ninyi wanawake mlitumiwa karatasi tu. Ukakaa sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, nami nikawa mkalimani wako kama kawaida, na kiburi changu cha Kiingereza cha shule.

Fomu ilitaja magunia, masanduku, matofali. Binadamu hawakutajwa popote. Nikakusomea: "Je, kazini unabeba mizigo mizito?"

Ukacheka, ukajibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Apana. Mie nabebaka batu. Mutu haiko muzigo, mutoto yangu."

Nikakutania: "Hata yule bibi wa chumba cha mwisho?" Yule mnene, aliyekung'ang'ania shingoni kila ulipomtoa bafuni.

"Ule ni mama ya batu," ukasema, bila kucheka sasa. "Andika apana."

Nikaandika hapana. Mama, nilijua walichokuwa wakiuliza. Ningeweza kukueleza kwa sentensi moja, lakini nilitaka kurudi kwenye televisheni.

Mgongo wako ulipokataa kabisa kunyooka, ukaomba kazi nyepesi, wakatupeleka kwa daktari wa kazini. Ripoti ya wale watafiti ilikuwa mezani kwake. Alisema uchunguzi umeonyesha kuwa wanaobeba ni wanaume wa bohari. Kazi yako, akasema, ilikuwa nyepesi tayari. Akakuuliza umezaa mara ngapi, na kama una huzuni. Nilitafsiri yote.

"Anasema niko nadanganya?" ukaniuliza.

Nikakujibu hapana. Hiyo nayo haikuwa kweli.

Ukarudi kazini umeinama. Mwishowe ukawa wa kitandani, sisi tukikugeuza, hadi kifua kilipokuchukua. Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Haya ni ndwele, mama, na hayajapita. Niliwaandikia wale watafiti. Walinijibu kwa adabu kwamba kazi yao ilishafungwa. Nimechoka kuwa na hasira. Siku hizi nakaa tu.

Furaha, binti yako mdogo uliyemwacha akiwa shule ya msingi, amepata kazi ya kutunza wazee. Anaanza Jumatatu. Nilimsihi asiende. Nilimweleza habari zako zote, hata zile nilizokuwa nikimficha. Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili chetu anakisikia tu, kwamba naogopa bure. Akanipa kijikaratasi wanachopewa wafanyakazi wapya: wanawake katika kazi hii hawana hatari ya mgongo, utafiti umethibitisha.

Nilikisoma mara mbili. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele ya kioo, ameshavaa sare, anasubiri niseme neno.

Nikamwambia imemkaa vizuri.

Pumzika, mama. Nakutumia salamu tu; tumaini la kukutumia sina.

Kifungua mimba wako