Nyayo za Lakshmi Alizochora Kaka Shoilen

Bishnupur, Bankura
2 Desemba 1937

Mpendwa Mjomba Tarapada,

Shikamoo. Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. Kifua chako kinaendeleaje na hewa ya Rangoon? Mkazamjomba Nirmala hajambo? Sisi tu wazima, ila nyumba imepooza.

Simu ya maandishi ya msiba ilikuwa na maneno machache, nawe ulikuwa kaka wa pekee wa mama. Yafaa ujue alivyotuaga.

Kiharusi kilimpata wakati wa mvua, kikauchukua mkono wa kulia. Nilimwandikia Kaka Shoilen Kolkata, lakini barua haikumkuta. Unakumbuka alivyoziacha picha za rangi za mafuta alizofundishwa chuoni, marehemu baba akanuna mpaka mwisho wake. Tangu hapo amezunguka vijijini, akikaa na wachoraji wa vitambaa, akijifunza kusaga masizi na udongo mwekundu na kupika gundi ya kokwa za ukwaju. Sasa picha zake zinasifiwa. Watu humuuliza alikoupata mstari ule mnene usiotetereka.

Alifika sikukuu ya Lakshmi ikikaribia, karatasi kubwa zimo kwapani. Alitaka mama amchoree ile michoro yake ya sakafuni, ya uji wa mchele, apate kujifunza. Alipouona mkono umelala juu ya shuka, aliketi chini kama mtoto.

“Mama, mbona sikuwahi kukuuliza?”

“Ungeuliza saa ngapi?” mama akajibu, ulimi mzito. “Ulikuwa unairuka tu ukikimbilia wali.”

Jioni ya sikukuu nilisaga mchele. Kaka akachovya kidole, akachora nyayo za Lakshmi kuanzia mlangoni, ili mungu huyo aingie na baraka zake. Mkono unaosifiwa Kolkata ukazitoa pana na zilizopinda. Mama alitazama kutoka kitandani, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

“Hizo za bata, mwanangu.”

“Nifute?”

“Ziache. Lakshmi anaijua nyumba hii, ataingia tu.”

Akajaribu kumwelekeza hewani kwa mkono wa kushoto, lakini kidole kilipotea njia, akaurudisha mkono kifuani.

Mwezi haukwisha, mama akafariki usingizini. Kaka alinyoa kichwa, akapeleka majivu mtoni.

Wageni walimwomba achore sura ya mama tuitundike ukutani. Alikataa. Sura anaikumbuka yote, Mjomba. Asichokijua ni lile yungiyungi mama alilokuwa akilichora katikati ya sakafu, kama alianzia petali za ndani au za nje. Ameuliza majirani, kila mmoja ana lake. Mimi kazi yangu ilikuwa kusaga mchele.

Mama alifundishwa na bibi, uani kwenu. Kama unakumbuka bibi alikuwa akianzia wapi, tuandikie. Kaka alinikataza nisikusumbue, kwa kuwa nawe ulikuwa mvulana, huenda nawe uliliruka tu. Nakuuliza hivyo hivyo.

Nisalimie Mkazamjomba, Bulu na mdogo wake Hemlata. Lakshmi asiipite nyumba yenu.

Wako akupendaye na kukukumbuka,
Kamalini