Walisema Nini Nilipotoka Nje?

Mshauri, kwanza unisamehe, mtu mzima mwenye mvi, profesa, ninaandikia gazeti kwa sababu ya mlango uliofungwa, lakini mke wangu amechoka kunisikiliza na mbwa naye nikianza tu anahama chumba. Nasimamia wanafunzi wa uzamivu katika sayansi ya viumbe hapa Oulu, kaskazini mwa Ufini, na mmoja wao, Saimi, anachunguza jinsi moyo wa samaki unavyojiponya ukijeruhiwa. Programu yetu ina utaratibu wake, kila mwaka mwanafunzi anaeleza kazi yake mbele ya kamati ya watu wawili kutoka nje, na mwishoni msimamizi anatolewa chumbani ili mwanafunzi aseme lolote, hata juu yake. Miaka yote nimetoka, nikamimina kahawa, na kabla sijaimaliza naitwa. Safari hii kikao kilikwenda vizuri, Saimi ni mpole, kwa hiyo kila alipoulizwa nilimsaidia kujibu, kisha nikatoka, nikanywa kahawa, nikanywa nyingine, nikasoma matangazo yote ya ukutani hadi lile la kwaya, na bado kimya. Hatimaye Saimi akatoka, macho mekundu, akanipita kama mtu anayepita nguzo.

Jumamosi nikamwalika sauna, kuoga mvuke, Eero, mmoja wa kamati, rafiki yangu tangu ujana, nikamchokonoa. "Jorma, bwana, hayo yamebaki kule kule," akasema. Nikakazana. Akamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukanichoma hadi nikakimbilia nje kwenye theluji. Jumatatu nikamwuliza Saimi mwenyewe.

"Mlizungumza nini?"

"Hali ya hewa."

"Muda wote ule?"

"Ilikuwa mbaya, Jorma."

Tangu hapo anakuja maabara nikishaondoka. Jana ofisi ya programu iliniarifu kwamba ana hadi Ijumaa kuamua kama atabadilisha msimamizi. Nampenda kama mwanangu, sijawahi kumfokea. Je, nimkalishe chini kabla ya Ijumaa, anieleze nimemkosea nini?

Jorma

*

Ndugu Jorma, pole. Kusimama nje huku watu wanakujadili si mchezo, na mimi ningelisoma lile tangazo la kwaya hadi nijiandikishe, ingawa hata kanisani huombwa niimbe kwa sauti ya chini. Sasa tuache utani.

Usimkalishe chini. Wewe ndiye unayetia saini kazi yake, wewe ndiye utakayemwandikia barua ya mapendekezo. Mtu wa namna hiyo akiuliza "ulinisema nini?", hata akiuliza kwa upole na keki mezani, hayo ni mahojiano. Ulimwendea Eero, ukamwendea Saimi, na unashangaa binti anakukwepa?

Sijui alisema nini, nawe huna haki ya kujua. Ila kuna jambo umeniandikia bila kuombwa: alipoulizwa, ulijibu wewe. Unaliita msaada. Mwanamke mzima, karibu awe mwanasayansi kamili, ameketi mbele ya wageni anasikiliza mwingine akieleza samaki wake. Na baba anaye tayari, Jorma; alikuja kwako kutafuta msimamizi.

Kwa hiyo, leo hii iandikie ofisi ya programu kwamba hutapinga uamuzi wake wowote, na kwamba utamwandikia mapendekezo mema akibaki au akiondoka. Wamfikishie kabla ya Ijumaa. Yeye mwombe radhi kwa kumhoji. Sentensi moja, bila swali mkiani, kisha uende zako. Eero naye mpumzishe. Na mtu akimwuliza Saimi jambo kikaoni, tazama dirishani umeze maneno yako. Sisi Wafini tunavumilia kimya kuliko watu wote, sijui wewe umezaliwa wapi.

Ijumaa akikuambia anakwenda kwa mwingine, mwulize anahitaji nini kwako ili kazi isikwame, umpe. Akibaki, usimwulize kwa nini amebaki.