Vidonge Viwili Badala ya Kimoja

Mshauri Phyllis, naomba unisaidie na tafadhali usichelewe, mimi naitwa Mongina, nimeolewa hapa Kapsoit miaka tisa, na mama mkwe ndiye alinipokea kama binti yake wakati wengine walisema nimetoka mbali. Wiki iliyopita aliharisha na kutapika siku tatu, bwanangu Kipruto akiwa kazini Nakuru, na kila akisimama anashika ukuta na kusema, "Mongina, kichwa kinazunguka," nami nikajua ni ile presha yake imepanda, nikampa vidonge vyake vya presha viwili badala ya kimoja, asubuhi na jioni, bila kuuliza mtu, mpaka akazimia jikoni. Hospitalini wakasema presha imeshuka vibaya na figo zimegoma, mkojo hakuna, wakamwekea maji ya mshipa, hayakutosha, sasa yuko ICU na dawa ya kuinua presha inaingia kwa mashine kidogo kidogo. Daktari aliniuliza, "Kuna dawa yoyote alimeza nyumbani?" nikasema ni zile zake za kawaida tu. Sasa shemeji Kipngetich anapiga kelele kwamba mama ana presha ya juu tangu zamani, mbona wanaipandisha tena, na kesho anakuja na gari kumtoa, na ni mimi peke yangu najua kilichoishusha, lakini nikisema wataniita muuaji. Nifanye nini?

*

Mongina, barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nilikupigia mara mbili hukushika, ndipo nikakutumia ujumbe huu:

"Pole sana, binti yangu. Wengi hudhani kizunguzungu ni presha ya juu. Lakini mtu aliyeharisha siku tatu ameishiwa maji mwilini, presha yake iko chini, na vidonge vile huishusha zaidi, hadi damu isifike kwenye figo kwa nguvu ya kutosha. Dawa ya ile mashine inakaza mishipa ili damu ifike tena. Kipngetich akimtoa hapo, anaweza kumpoteza njiani. Kutojua nakusamehe. Kumdanganya daktari, hapana! Nenda sasa hivi, beba pakiti, sema ni vidonge vingapi na siku ngapi. Mpigie Kipruto wewe mwenyewe. Kisha mwombe daktari amweleze Kipngetich ukiwa hapo hapo."

Ulienda, na umeniruhusu niwaambie wasomaji yaliyofuata. Daktari aliandika kila ulichosema, hakukugombeza. Kipngetich alikugeukia, akauliza, "Na ulikuwa unatuangalia tu tukibishana?" Gari likarudi tupu. Siku ya nne dawa ilipunguzwa, presha ikasimama yenyewe. Figo bado hazifanyi kazi, damu inasafishwa kwa mashine, na hakuna aliyekuahidi lolote. Jumapili mama alipoamka ulimweleza yote ukilia. Akakusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ng'ombe, nani anakamua?"

Kipngetich hajakusalimu hadi leo. Usimkwepe. Kila jioni ukitoka wadini, mpigie wewe mwenyewe, umwambie mama ameshindaje, amekula nini, amekojoa kiasi gani. Asipojibu, kesho piga tena.