Maharage Yaliyosimama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua asubuhi. Shemeji naye vipi, bado anabishana na redio? Mimi mwili hauna neno. Ninachoumwa si mwilini, na ukisoma hadi mwisho utanielewa. Nakuomba usome ukiwa umekaa.

Bahasha yako ilifika, majani yamekauka lakini hayajavunjika. Umeniandikia kwamba shamba zima la maharage limekwisha: majani yalijaa vidoa vya rangi ya kutu, ukiyagusa vidole vinabaki na unga, kisha yakapukutika kabla maganda hayajajaa. Hiyo ndiyo mboga ya nyumba yako na mbegu ya msimu ujao. Nililia, dada, sikufichi. Ukasema tuta moja tu, upande wa kisima, ulilopanda mbegu aliyokupa jirani yako fundi cherehani, limebaki kijani kana kwamba halikusikia habari. Kwako huo ndio ushahidi: kaleta ugonjwa, dawa kabaki nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, ukaandika, tena ukapigia mstari. Ukaniomba mimi, Daktari wako wa Maharage, nipime nikupe jibu lenye muhuri, lisomwe kwenye kikao cha kikundi chenu, na siku hiyohiyo fundi atolewe. Mwishoni ukaongeza, kama jambo dogo, kwamba kila asubuhi anakusalimu kutoka upande wake wa ua, nawe humjibu.

Hujawahi kuniuliza hasa kazi yangu ni nini, umetosheka na sifa. Basi ni hii: mimi huyaambukiza maharage ugonjwa. Ndiyo, na mshahara napewa! Tunapanda aina nyingi ndani ya banda la nailoni, tunayapulizia maji yenye unga wa kutu, ndilo jina la ugonjwa huo wa vidoa, tunayafunika yalale na unyevu, kisha tunangoja tuone yapi yataanguka na yapi yatasimama. Yanayosimama hayajapewa dawa. Yamezaliwa na kinga, yameirithi kwa wazazi wao, kama wewe ulivyorithi pua ya baba, mimi nikaponea chupuchupu.

Tuta la fundi ni hivyo tu, halina siri nyingine. Tena kutu haisafiri ndani ya mbegu. Huruka na upepo, au hushika kwenye nguo. Hata kama angetaka kukudhuru kwa mbegu ile, asingeweza. Ningeweza kukomea hapo, na kwa kweli nilikomea: niliandika jibu fupi kwamba chanzo hakijulikani, labda upepo, nikapiga muhuri, nikaliweka kwenye droo. Lakini kila nikifungua droo kutafuta kalamu, nakumbuka zile salamu zisizojibiwa. Nimelichana.

Nimelichana kwa sababu nilikuwa nimeshapima. Kutu zina aina zake, na kila aina ina maharage inayoyaweza na mengine yanayoishinda. Tunayo maharage maalumu ya kupimia. Nikayapaka unga wa majani yako. Yakaanguka yaleyale yanayoangushwa na kutu yetu ya bandani, yakasimama yaleyale. Nikarudia, nikimwomba Mungu niwe nimekosea. Sikukosea. Na kutu yetu ililetwa kutoka mbali ili ifungiwe humu. Huko kwenu haikuwahi kuonekana.

Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Unakumbuka nilipokuja likizo nimevaa koti jeupe? Mlangoni mwa banda kuna msumari, na msimamizi wetu ana sheria moja hataki iguswe: koti linabaki msumarini. Mimi nilitoka nalo. Nilitaka majirani zako wauone huo udaktari uliowasimulia. Nikapita nalo katikati ya maharage yako, kifua mbele, nikishika majani na kutoa mhadhara ambao hakuna aliyeuomba. Fundi alikuwepo. Akaona mikono ya koti ina vumbi la kahawia, akasema nimpe alifue, atanirudishia likiwa limepigwa pasi. Nikamjibu mbele yenu kwamba koti la kitaalamu halifuliwi ovyo. Mkacheka. Naye alicheka, maskini.

Kwa hiyo ulisema kweli, kilikuwa nguoni. Nguo ilikuwa yangu. Nimewanyima mboga wewe na shemeji kwa ajili ya maringo, halafu nikakaa kimya mwenzangu akichukiwa kwa niaba yangu. Sina pa kuuweka uso.

Jana nilimweleza msimamizi. Hakufoka, na afadhali angefoka. Amenitoa bandani mpaka wakubwa waamue. Aliposikia habari za tuta lililosimama alitaka nimletee mbegu zake upesi, nikamwambia mbegu zina mwenyewe, na sisi hatuna haki ya kumwomba kitu kabla ya kumwomba radhi. Nawe vilevile, dada. Mabua yaliyokufa yang'oeni myachome. Msimu ujao mbegu itakayokufaa ni ile ya fundi, na ni yeye tu wa kukupa.

Jibu lenye muhuri ulilotaka ni hili. Lisomwe lote kwenye kikao, usiruke habari za koti. Ukishindwa kulisoma, mpe fundi alisome mwenyewe.

Msalimu sana shemeji, umwambie redio haijawahi kushindwa na mtu. Kwa fundi sitoi salamu kwenye karatasi. Nakuja kuzitoa kwa mdomo wangu, bila koti. Ila kesho asubuhi, akikusalimu kutoka upande wake wa ua, tafadhali dada, itikia.

Ni mimi mdogo wako,
usiyepaswa kumwita tena Daktari.