Vijiti vya Mvule Nyuma ya Mtungi

Guta, Bunda,
Mkoa wa Mara.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Fredy,

Nakusalimu. Unaendeleaje na baridi ya huko Ujerumani, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua tangu utoto? Sisi huku tunaamka, tunalima, tunakula. Goti langu la kushoto limepata nafuu. Mwanangu Esther yuko Mwisenge kwa shangazi yake, anasoma, na bado anakuomba picha za theluji.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi nageuka kuwa dada mkubwa, naanza kukubembeleza, na niliyotaka kusema yanabaki tumboni.

Mama tulimzika vizuri. Ulitazama kwenye simu ya binamu yetu Pastory, lakini mtandao ulikatika kabla jeneza halijashuka, kwa hiyo nakwambia yaliyobaki. Alilazwa kando ya Baba, pale nyumbani Butiama, hatua sita kutoka kwenye ule mvule wa Baba. Alivaa gauni la bluu ulilomtumia. Watu wa Kiabakari walikuja lori zima.

Sasa nikuambie habari ya mvule.

Unakumbuka radi ilipoupiga ukabaki na tawi moja tu lenye majani, la upande wa zizi. Wewe ulikuwa umeshaanza kazi yako ya maabara. Ulimweleza Mama kwa simu jinsi mnavyochukua chipukizi la mwaloni wenye miaka mia nne, mkaliosha kwa dawa, mkaliweka kwenye chupa yenye kitu kama uji mzito wa sukari, na kutoka ncha moja mkapata miche mamia, yote ikiwa ni mti uleule. Mama mialoni aliijua ya Ibrahimu tu, ile ya kwenye Biblia. Alipoona picha ya zile chupa zimepangwa chini ya taa, alisema ni kama jamu dukani. Kisha akakuuliza kama mvule wa Baba nao unaweza kuingia chupani, maana alitaka mche wake usimame kati ya kaburi la Baba na lake. Ukajibu, "Bila shida, Mama. Nikija Krismasi nitabeba vijiti."

Wiki moja kabla ya Krismasi alimwita jirani yetu Nathanieli apande akate vijiti. Akavifanya kama anavyofanya marando ya viazi: akavifunga kwa jani la mgomba, akavizungushia gunia lililolowa, akaviweka nyuma ya mtungi. Marando hukaa hivyo siku nyingi mpaka yanatoa mizizi. Alivinyunyizia maji asubuhi na jioni. Jirani Sabina alipomtania, "Mama Nyangi, siku hizi unalala na kuni?" alijibu, "Huo ni mzigo wa Fredy. Akifika na haraka zake, nani atapanda mti? Ndege haisubirigi mtu."

Hukuja. Ulisema Pasaka. Vile vya kwanza vilikuwa vimeota ukungu, vikakatwa vingine. Pasaka ukasema huko ndiyo majira ya kuchukua machipukizi ya mialoni, bosi hawezi kukuachia. Ukasema Agosti. Mara ya tatu Nathanieli alikataa. "Mama, tawi linaisha," alisema. Nikapanda mimi. Mimi ndiye niliyeshika panga, Fredy, na tawi lile nililiacha kama mkono usio na vidole. Agosti ulitutumia picha ya mwaloni mlioupanda mbele ya kanisa la watu.

Baadaye bwana miti mmoja wa Musoma alinieleza kwamba vijiti vya namna hiyo hukatwa siku ya safari. Vikikaa wiki havifai kitu. Wewe ulilijua hilo kabla yake. Ungesema tu kwenye simu, "Mama, msikate mpaka mnione," na tawi lingekuwepo. Nimejiuliza sana kwa nini hukusema. Nadhani hukuwaza kwamba yupo mtu anayekuamini hivyo.

Mvule ulikauka wote Novemba. Baba mdogo Baltazari anataka kuupasua mbao. Nimemwomba asubiri, ingawa sijui asubiri nini.

Ulipokuwa na miaka mitano ulipanda kokwa ya embe ndani ya kikombe cha Baba, na kila asubuhi ukawa unaifukua kuona kama imeota. Mama hakukuchapa. Alimpa Baba chai kwenye bakuli mwezi mzima ili usisumbuliwe.

Juzi nilikwenda Butiama kusafisha chumba cha Mama. Nyuma ya mtungi nikakuta furushi jingine, la nne, limefungwa kwa khanga yake ya kanisani. Nilimuuliza Nathanieli, akainamisha kichwa. Alisema Mama alimwomba mwezi wa pili, wiki ile uliyosema unatafuta tiketi. Tayari alikuwa hawezi kutoka kitandani bila kushikwa. Nathanieli alimwambia, "Mama, huu mti umekufa." Akamjibu, "Wewe kata tu. Fredy anajua cha kufanya."

Ndani ya bahasha hii nimeweka kijiti kimoja. Usikioshe kwa dawa, usikitie chupani. Kiweke pale unapoweka simu yako, na siku ukitaka kutuambia unakuja, kishike kwanza.

Baba mdogo Baltazari anakusalimu, Sabina na Nathanieli pia, na Esther anasema usisahau picha. Mungu aliyemlinda Mama akusitiri na baridi hiyo, na akufikishe salama siku utakayoanza safari kweli.

Dada yako, ambaye hata leo anakupenda,

Nyangi