Usitoe Upepo Mchana

Kahama, 3 Septemba 1934

Kwa kaka Maduhu, Isaka.

Shikamoo kaka. Hali yangu si nzuri, sikudanganyi. Wewe na shemeji Paskazia hamjambo?

Kazi hii ya udereva uliyonitafutia itaniua. Bwana huyu mtafuta dhahabu amejengewa nyumba ya mbao juu ya lori: kitanda, jiko, mpaka kabati la chupa zake. Uzito wote huo uko juu ya tairi nne, na jua la sasa unalijua. Jana tairi ilipasuka, chupa zikavunjika, akanilaza chini akanichapa kiboko mpaka shati likagandana na mgongo. Anataka tairi ikipata moto nitoe upepo. Nikitoa, inapasuka. Nisipotoa, ananichapa. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Bujiku

Isaka, 9 Septemba

Mdogo wangu Bujiku,

Marahaba. Sisi wazima, ila barua yako imemliza shemeji yako.

Sikiliza, mimi nashinda na tairi za malori hapa stesheni. Upepo hupimwa alfajiri, tairi ikiwa ya baridi. Mchana ikikaza, iache! Ngoma ikianikwa juani ngozi hukaza, nani anailegeza? Tairi iliyolegea ndiyo inayojikunja na kujichoma yenyewe mpaka ipasuke. Mweleze Bwana kwa adabu. Na hasira zako za utotoni uzifunike. Ulimvunja mtoto wa jirani mkono kwa sababu ya ndama. Huyu ukimgusa watakunyonga. Mgongo hupona, shingo haiponi.

Ni mimi kaka yako,
Maduhu

Kahama, 17 Septemba

Kaka, shikamoo. Habari za afya yangu usiulize.

Nilimweleza kwa adabu, kama ulivyosema. Akacheka, eti mshenzi anamfundisha gari! Akanipiga ngumi, meno mawili yamebaki mchangani. Kisha akanikanyaga vidole kwa buti mpaka nikasikia vinavunjika. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Basi nimemtii. Leo alfajiri anakuja huko Isaka peke yake kuchukua baruti za kupasulia miamba. Tairi za mbele nimezitoa upepo kuliko hata alivyotaka. Kuja, barabara ina baridi na gari halina mzigo zaidi ya nyumba yake. Kurudi ni saa saba mchana, amejaza baruti. Mayu wane, mama yangu, natamani niwepo nione! Usinilaumu, kaka. Nimechoka kupigwa kama punda.

Mdogo wako,
Bujiku

Isaka, 24 Septemba

Shemeji Bujiku,

Barua yako imenikuta matangani. Kaka yako tulimzika Jumanne.

Gari lilipofika stesheni nilikuwa nimempelekea Maduhu uji kazini; alizitazama tairi mara moja tu. Akaniambia, "Paskazia, huu ni mkono wa Bujiku. Mtoto huyu atanyongwa." Akakimbilia pampu. Makuli wanapakia baruti, yeye anajaza upepo, jasho linamtiririka. Kamaliza ya kwanza, kamaliza ya pili. Bwana akatoka dukani akamkuta ameinama, akapiga kelele kwamba mshenzi mwingine anamharibia tairi jua likiwaka. Maduhu akasema, "Bwana, nakuokoa." Spana ya magurudumu ikampata kisogoni. Mara tatu, Bujiku. Kichwa cha mume wangu nilikifunga kwa kanga yangu, na kanga haikutosha.

Polisi wameandika kwamba jeki iliteleza, gari likamwangukia. Barua yako nimeichoma; habari ile usimwandikie mtu mwingine yeyote. Utajilaumu, najua. Nami nakulaumu, sikufichi.

Bwana aliondoka saa saba ileile na baruti zake. Nadhani ulimwona akishuka mzima, ukashangaa. Tairi Maduhu alizijaza vizuri.

Shemeji yako,
Paskazia